Kazi za Wasanii wa Nairobi Kwenye Kuta za Ofisi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na maofisa wa rasilimali watu, wasimamizi wa ofisi na wasanii wenyewe kila tunapopanga maonyesho katika ofisi za Upper Hill, Westlands na katikati ya jiji. Yanahusu sanaa za kuona, yaani uchoraji, uchapaji wa sanaa, upigaji picha, ufumaji na uchongaji. Mahali ambapo majibu yanagusa sheria au kodi, mwanasheria na mhasibu wa kampuni wahusishwe kabla ya jambo lolote kutiwa saini.

Mbona tuhangaike na wasanii ilhali maduka ya samani yana picha za kutosha?

Ofisi nyingi za Nairobi zina picha ileile ya majumba marefu ya New York usiku, iliyochapwa kwenye turubai na kununuliwa siku moja na viti. Picha hiyo haina kosa, ila haimhusu mtu yeyote aliye katika chumba hicho. Hakuna aliyeipaka kwa mkono, hakuna anayeweza kualikwa kuieleza, na fedha zilizoilipia hazikumfikia jirani yeyote.

Wazo la kampuni kutundika kazi za wasanii walio hai si geni. Benki ya Chase Manhattan ya Marekani ilianza mkusanyo wake mwaka wa 1959 chini ya David Rockefeller, na benki nyingi duniani zimefuata njia hiyo. Hapa kwetu mfano ulio karibu zaidi ni wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, ambaye alikusanya kazi za Waafrika wakati ambapo wengi waliziona kuwa bidhaa za watalii. Sehemu ya mkusanyo wake iko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, ndani ya jengo lililokuwa benki, na sehemu nyingine iko Nairobi Gallery, kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Kabla ya kamati yenu kukutana kwa mara ya kwanza, tunashauri mwende pamoja kwenye mojawapo ya majengo hayo, kwa kuwa wafanyakazi wengi hupita mlangoni pake kila siku bila kuingia.

Picha ukutani inajengaje jamii? Si pambo tu?

Ikitundikwa na kuachwa, ni pambo tu, na baada ya mwezi mmoja hakuna atakayeiona. Huu ndio msimamo wetu, na karibu kila ushauri ulio katika ukurasa huu unatokana nao: kinachojenga jamii ni mazungumzo yanayozuka kwa sababu ya kazi hiyo, baina ya watu ambao wasingezungumza vinginevyo, na mazungumzo hayo lazima yapangiwe muda na bajeti kama ilivyopangiwa fremu.

Katika ofisi moja palitundikwa mchoro wa stendi ya matatu wakati wa jioni, na kwa juma zima watu wakabishana kama pale ni Muthurwa au Koja. Mhasibu alishikilia kwamba ni Muthurwa. Tarishi, ambaye walikuwa wakisalimiana naye kwenye lifti tu, akamwonyesha namna ukingo wa barabara unavyopinda nyuma ya makanga mwenye koti la kijani, akisema kwamba Muthurwa hakuna pinda kama hilo. Msanii alipokuja kuzungumza nao wakati wa chai ya saa nne, jambo la kwanza aliloulizwa ni hilo, na jibu lake likampa tarishi ushindi. Wasikilizaji hawakuhitaji kufundishwa kuitazama sanaa. Watu wa Nairobi hukosoa michoro ya manyanga, yaani matatu yaliyopambwa, kila asubuhi wakiwa kwenye foleni, wala hawamwombi yeyote ruhusa.

Kwa hiyo kila onyesho liwe na angalau kikao kimoja na msanii, kifanyike saa za kazi, na kiwe wazi kwa kila anayefanya kazi katika jengo, wakiwemo walinzi, wahudumu wa usafi na wapishi walioajiriwa na kampuni nyingine. Kikao cha jioni baada ya kazi huwavutia wenye magari. Wengine huwa tayari wako njiani kuelekea Kayole au Rongai.

Wasanii tutawapata wapi?

Nendeni kwenye studio kabla ya kuingia mtandaoni. Kuona, ambayo chimbuko lake ni mwaka wa 1995, imewalea wachoraji na wachongaji wengi walio na majina leo. Brush Tu iko Buruburu. Maasai Mbili, iliyoanzishwa mwaka wa 2001 na wachoraji wa mabango ya maduka, iko Kibera. Wajukuu iko Mukuru, na mwaka wa 2022 ilishiriki katika maonyesho makubwa ya Documenta mjini Kassel, Ujerumani. Nje kidogo ya jiji, upande wa Kiambu, kuna wachoraji wa Banana Hill na Ngecha. GoDown Arts Centre, iliyofunguliwa mwaka wa 2003 katika eneo la viwanda, imekuwa makutano ya wasanii wa fani nyingi.

Kwa kampuni inayotaka kuanza kununua, Circle Art Gallery imekuwa ikiendesha mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki tangu mwaka wa 2013, na kuhudhuria mnada hata bila kununua hutoa picha nzuri ya bei. Taasisi ya Sanaa ya Kisasa ya Nairobi, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, haiuzi kazi, lakini maonyesho yake hunoa jicho.

Msiwasahau wanafunzi wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wa Taasisi ya Sanaa ya Buruburu. Vilevile, ikiwa ofisi yenu iko Industrial Area, msanii wa Mukuru ni jirani kwa maana halisi ya neno hilo, na kumruka ili mkamtafute wa mbali kunapunguza uzito wa shughuli nzima.

Nani achague kazi?

Asichague mkurugenzi peke yake, wala wafanyakazi wote wasipige kura. Mkurugenzi akichagua, ukuta unakuwa sebule yake. Kura nazo huangukia daima kwenye machweo, twiga na mwanamke aliyebeba mtungi. Njia iliyotufaa ni kamati ya watu watano au sita kutoka vyeo tofauti, pamoja na mtu mmoja anayeijua sanaa kwa undani, ambaye analipwa kwa kazi hiyo. Mhudumu wa usafi awemo, kwa kuwa hakuna mtu mwingine anayeziona kuta zote za ofisi kila siku, na kwa kuwa usalama wa kazi hizo utakuwa mikononi mwake.

Tununue, tukodi, au tuazime?

Njia zote tatu zinafaa, kulingana na bajeti na nia. Kununua ndiko kunakomfaa msanii zaidi, na kampuni hubaki na mali yake. Kukodi kunaiwezesha ofisi kubadilisha kazi kila baada ya miezi mitatu au minne na kuwalipa wasanii wengi zaidi kwa mwaka. Hesabu yake ni rahisi: kazi yenye bei ya shilingi 120,000, mkikubaliana kodi ya asilimia 3 ya bei kwa mwezi, italipiwa shilingi 3,600 kila mwezi, yaani shilingi 10,800 kwa onyesho la miezi mitatu. Tunapendekeza kifungu kinachoruhusu kodi iliyokwisha kulipwa ipunguzwe kwenye bei endapo kampuni au mfanyakazi ataamua kuinunua kazi hiyo.

Kuazima bila kodi kunakubalika pale ambapo kazi zinauzwa waziwazi, bei zikiwa zimeandikwa, na ofisi haichukui kamisheni. Maghala ya sanaa, yaani gallery, yanaposimamia mauzo, mara nyingi huchukua kati ya asilimia 30 na 50, na huistahili kwa kuwa huwatafuta wanunuzi na kubeba gharama. Ofisi iliyotoa ukuta tu haina sababu ya kudai sehemu hiyo.

Je, tunaweza kuomba kazi bure ili msanii apate kujulikana?

Hapana. Kampuni hailipi umeme kwa ahadi ya kuitangaza kampuni ya umeme, na msanii naye ana kodi ya nyumba, rangi na karo. Hata katika mpango wa kuazima, usafiri, fremu, utundikaji na muda wa msanii katika kikao hulipiwa na ofisi.

Mkataba useme nini?

Uwe mfupi, wa kurasa mbili au tatu, na katika lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa bila mkalimani. Uorodheshe kila kazi kwa jina, vipimo, mwaka, malighafi, bei ya mauzo na picha inayoonyesha hali yake siku ya kupokelewa. Utaje tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kodi na siku ya malipo, anayelipia usafiri wa kwenda na kurudi, anayebeba hasara kazi ikiharibika, mahali itakapotundikwa, na kwamba haitahamishwa bila msanii kuarifiwa. Kifungu cha siku ya malipo ndicho kinachovunjwa zaidi. Kampuni iliyozoea kuwalipa wauzaji wake baada ya siku 90 ikumbuke kwamba mchoraji hana mkopo wa benki wa kumvusha miezi hiyo. Malipo kabla ya kazi kutundikwa ni haki, na kwa M-Pesa hayachukui dakika tano.

Tukinunua mchoro, tunaweza kuutumia kwenye kalenda na tovuti yetu?

Si moja kwa moja, na hapa ndipo kampuni nyingi huteleza. Kununua mchoro ni kununua kitu. Hakimiliki ni jambo jingine. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, hakimiliki ya kazi ya sanaa hudumu kwa uhai wa msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, na kuihamisha au kutoa leseni ya kipekee hakuna nguvu bila maandishi. Mkitaka kalenda, kadi za Krismasi au tangazo, ombeni leseni kwa maandishi, taja matumizi na muda, na muilipie kando.

Kazi iliyoagizwa ina sura tofauti. Mkimwagiza msanii awachoree ukuta wa mapokezi, sheria hiyo huichukulia hakimiliki kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Wasanii wengi hawalijui hilo mpaka wauone mchoro wao kwenye fulana. Maoni yetu ni kwamba kampuni inayodai kujenga jamii iandike katika mkataba kwamba hakimiliki inabaki kwa msanii, kisha ichukue leseni ya matumizi inayoyahitaji kweli.

Bila kujali nani anashika hakimiliki, msanii ana haki ya kutajwa kuwa mwenye kazi na haki ya kupinga kuharibiwa au kupotoshwa kwa kazi kunakomvunjia heshima. Kukata turubai ili iingie katika nafasi iliyo juu ya kabati, au kupachika nembo ya kampuni pembeni, ni kujitafutia kesi.

Idara ya fedha inadai ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Msanii hana. Tufanyeje?

Tangu Januari 2024, matumizi yasiyo na ankara ya kielektroniki kwa kawaida hayakubaliwi katika hesabu ya kodi ya mapato, kwa hiyo idara ya fedha haidai kwa ukaidi. Mwambieni msanii mapema, siyo siku ya malipo, na mteueni mtu mmoja wa hesabu aketi naye amsaidie kujisajili kwa kutumia PIN yake ya KRA. Kazi hiyo haihitaji siku nzima, na msanii ataendelea kuitumia kwa wateja wengine.

Ofisi yetu ni ya vioo kuanzia sakafu hadi dari. Tutundike wapi?

Mbali na vioo kadiri iwezekanavyo, na mtazame dira kabla ya kutoboa. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, ambako mionzi ya jua ni mikali kuliko ya pwani, hata siku ambazo hewa ni ya baridi. Upande wa mashariki hupigwa na jua kila asubuhi na wa magharibi kila alasiri, mwaka mzima. Pande nyingine mbili hudanganya. Kuta zinazopokea mwanga wa madirisha ya kaskazini huwa salama Desemba, kisha ifikapo Juni jua linakuwa limehamia upande huo na kuingia ndani. Za kusini hupatwa na hayo hayo Desemba. Kamati ikikagua ofisi Januari na kuridhika, irudi tena katikati ya mwaka.

Kazi za karatasi, kama michoro ya wino, rangi za maji na chapa za mbao, hufifia kwanza. Makumbusho huzipa mwanga usiozidi takriban lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), huku rangi za mafuta na akriliki zikivumilia karibu lux 200. Simu nyingi zina programu ya kupima mwanga ambayo, ingawa si sahihi kabisa, itawaonyesha tofauti kati ya korido na dirisha. Korido isiyo na dirisha, ambayo kila mtu huilalamikia, mara nyingi ndiyo nafasi bora kuliko zote. Kioo cha fremu kinachozuia mionzi husaidia lakini hakiondoi hatari.

Msitundike juu ya mashine ya kahawa, karibu na jiko dogo la ofisi, mbele ya kiyoyozi, wala mahali panapofunika kizima moto, mpira wa maji ya zimamoto au alama za kutokea.

Ni nani atundike, na kwa urefu gani?

Atundike fundi anayejua ukuta alio nao. Ukuta wa mawe hushika skrubu na plagi bila wasiwasi, lakini vizigeu vya jipsamu, ambavyo ndivyo vingi katika majengo mapya, huhitaji plagi maalumu, na kazi nzito za chuma au mabati zisitundikwe humo kabisa. Katikati ya kazi pawe kati ya sentimita 145 na 155 kutoka sakafuni. Kosa la kawaida ni kutundika juu mno, kana kwamba picha ni ya rais.

Mkiwa wapangaji, ombeni ruhusa ya ajenti wa jengo kwa barua. Akikataa matundu, reli moja iliyofungwa karibu na dari, yenye nyaya zinazoning'inia, itabeba maonyesho ya miaka mingi kwa matundu machache ya mara moja.

Kazi ikiharibika, nani analipa?

Aliyeipokea, yaani ofisi, isipokuwa mkataba umesema vingine. Bima ya vitu vya ofisi huenda isiguse mali ya mtu mwingine iliyo chini ya uangalizi wenu, kwa hiyo ombeni kampuni ya bima ithibitishe kwa maandishi kwamba kazi zimejumuishwa, kwa bei iliyo katika mkataba na pamoja na safari za kwenda na kurudi.

Hatari kubwa, hata hivyo, ni kitambaa chenye maji kuliko wezi. Tunajua mchoro wa makaa uliopulizwa dawa ya kusafishia vioo na kufutwa vizuri sana, kwa nia njema, saa kumi na mbili asubuhi, na mhudumu, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, akalaumiwa. Wahudumu waelezwe na msanii mwenyewe siku ya kutundika: vumbi lipanguswe kwenye fremu tu kwa kitambaa kikavu, na uso wa kazi isiyo na kioo usiguswe.

Tukatae kazi zinazoweza kuudhi?

Ofisi si ghala la sanaa; mtu anayeketi mbele ya picha saa nane kwa siku hakuja kuitazama kwa hiari yake. Ni haki kuamua mapema kwamba miili isiyo na nguo au vifo vya maandamano havitakuwa mkabala na dawati la mtu, na kumwambia msanii hivyo kabla hajaleta kazi. Lakini kamati ikiondoa kila kazi inayogusa siasa, makazi duni, polisi au mabwanyenye, itabaki na maua. Wasanii wa Nairobi hujadili mji wao waziwazi, na ofisi inayowaalika ikubali kujadiliwa kidogo.

Kazi ikishatundikwa na mtu akalalamika, isiondolewe siku hiyohiyo. Aalikwe azungumze na kamati, na ikiwezekana na msanii. Kuihamisha kutoka chumba cha mikutano hadi korido mara nyingi hutosha. Kuishusha kimyakimya usiku humvunjia heshima msanii na kuwafundisha wafanyakazi kwamba mazungumzo yale hayakuwa ya kweli.

Nusu ya wafanyakazi wetu hufanyia kazi nyumbani. Kuna maana?

Ipo, mkipanga kikao cha msanii siku ambayo wengi huwa ofisini. Picha za kazi kwenye kundi la WhatsApp hazitoshi.

Lebo ziandikwe vipi?

Jina la msanii, jina la kazi, mwaka, malighafi, mtaa anakofanyia kazi, na bei ikiwa inauzwa, kwa Kiswahili na Kiingereza. Aya moja ya maneno ya msanii mwenyewe hufaa kuliko kurasa mbili za mhakiki. Bei isifichwe kwa kudhani kwamba wafanyakazi hawawezi kununua. Wapo wanaonunua kwa awamu kila mwezi, na baadhi ya wasanii hukubali mpango huo.

Jirani wa nje wataonaje kazi zilizo ghorofa ya tisa nyuma ya mlango wa kadi?

Kwa kweli hawataona, na ofisi isijisifu kwamba imefungulia umma. Kinachowezekana ni kuziweka kazi kadhaa kwenye ukumbi wa chini, kwa makubaliano na mwenye jengo, na kutenga Jumamosi moja kwa kila onyesho ambapo familia za wafanyakazi, jamaa za msanii na shule iliyo karibu huingia kwa orodha iliyopelekwa mapema kwa walinzi. Jamaa za msanii ni muhimu. Kuna wazazi ambao hawajawahi kuona kazi ya mtoto wao ikitundikwa popote, na hawatapanda lifti hiyo bila mwaliko wenye jina lao.

Onyesho likiisha, nini hufuata?

Kagueni kila kazi pamoja na msanii mkiwa na picha za siku ya kupokea, mtie saini, kisha fedha za mauzo zilipwe siku hiyo. Fungeni kazi ndani ya ofisi, si kwenye maegesho, hasa kati ya Machi na Mei ambapo mvua haipigi hodi. Turubai kubwa isafirishwe kwa gari lililofungwa, si kwa bodaboda. Andaeni getipasi siku moja kabla, iorodheshe kila kazi na nambari ya gari, na itiwe saini na mtu ambaye walinzi wanamjua. Msanii anayetoka jengo la kampuni na michoro kumi chini ya kwapa bila karatasi hiyo atasimamishwa langoni kama mwizi wa mali yake mwenyewe, na aliyemwalika huwa yuko mkutanoni, simu imezimwa.